Kukauka Mwaka Mzima? Nani Alikudanganya?

Swali ninaloletewa sana na wasichana wa hapa Muthara ni hili: "Unafanyaje ndio ubaki mkavu mwaka mzima?" Wameona picha ya dada mtunisha misuli jukwaani, tumbo limegawanyika vipande, mishipa nje, wakadhani ndivyo anavyoamka kila siku. Zii. Picha ile ni ya siku moja. Na hata kipimo chenyewe kimekuwa kikihamahama.

Tuanzie karibu. Mwaka 1861 Speke alipofika Karagwe, Tanzania ya leo, alikuta wanawake wa jamaa ya mfalme Rumanyika wakinyweshwa maziwa mpaka kusimama ni shida. Unene ndio uliokuwa urembo na heshima. Speke akampima mmoja wao, kifua mpaka mapaja, kama fundi wa nguo. (Mwanaume kuandika vipimo vya mwanamke kwenye daftari hakukuanza na majaji wa leo.)

Ruka miaka 119. Mwaka 1980, Philadelphia, Rachel McLish anashinda Ms. Olympia ya kwanza. Mwembamba, misuli ya kiasi. Halafu anakuja Bev Francis wa Australia, mnyanyua vyuma kwelikweli, na kule Las Vegas mwaka 1983 majaji wanamweka nambari 8. Misuli imezidi, eti si ya kike. Mwaka 1991 akarudi mkubwa kuliko wote na Lenda Murray akamshinda kwa pointi moja tu. Mwisho wa 2004 shirikisho la IFBB likawaambia wanawake wapunguze misuli kwa asilimia 20. Asilimia 20 ya nini hasa, bana? Baada ya 2014 Ms. Olympia ikasimamishwa, ikarudi 2020. Leo kwenye kitengo cha bikini ukikauka kupita kiasi unakatwa alama.

Kwa hivyo ukijinyima mwaka mzima, unamfuata jaji yupi?

Mwili nao una hesabu yake. Mafuta si mzigo tu. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni inayoitwa leptini, inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuambia ubongo kama akiba ipo. Akiba ikiisha, chakula nacho kikiwa kidogo, ubongo unazima mambo yasiyo ya haraka: hedhi inapotea, estrojeni inashuka, mifupa inaanza kudhoofika. Mwanamke anahitaji takriban asilimia 12 ya mafuta ili mwili ufanye kazi zake za lazima, na washindani wengi hupanda jukwaani wakiwa jirani kabisa na hapo. Pale mtu anapitia tu, hakai.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii hugawa mwaka. Nje ya mashindano wanakula: githeri, mayai, ndengu, nduma, maziwa. Wanaongeza mafuta kidogo, na misuli inajengwa wakati huo. Zikibaki miezi 3 hadi 5 wanaanza kushuka polepole, nusu kilo hivi kwa wiki, protini ikibaki juu. Miraa ya kuua njaa haimo kwenye mpango huu. Najua tuko Tigania, na najua wanaoitafuna badala ya chakula cha jioni. Njaa inanyamaza, usingizi unaenda, na misuli inaliwa pamoja na mafuta.

Sehemu ambayo haipigwi picha ni baada ya mashindano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, waliwafuatilia wanawake 27 wa mashindano ya fitinesi waliokata mafuta kwa takriban miezi 4. Walipopewa miezi mingine 3 hadi 4 ya kula vizuri, uzito ulirudi na homoni nyingi zikarudi. Ile ya tezi ya shingoni pamoja na testosteroni zilikuwa bado chini. Na hao walikuwa wamekauka mara moja tu, si mwaka mzima.