Umri wa Kisu: Kusoma Mihuri kutoka Solingen hadi Dzaleka

Mwaka 1902 Lilongwe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: makazi machache kando ya mto wenye jina hilohilo, na miaka miwili baadaye boma la serikali ya kikoloni. Mwaka huohuo huko Ujerumani kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja ambacho tangu mwanzo kilikusudiwa kuuzwa Afrika. Kilikuwa cha bei ya chini, chenye bapa la chuma na mpini wa mti. Kilipewa jina la mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla yake: okapi.

Leo Okapi ni kisu kinachojulikana kote kusini mwa Afrika. Kimemenya miwa, kimechuna mbuzi, kimekata kamba za mizigo na kimetajwa mara nyingi mno katika kesi za mahakamani. Wapo pia wanaokikusanya, na swali lao la kwanza ni lilelile linaloulizwa juu ya kila kisu cha zamani: hiki ni cha lini? Jibu huwa limepigwa kwenye chuma chenyewe, karibu na bawaba. Ila mihuri hiyo haikuwekwa ili kuwafurahisha wakusanyaji. Iliwekwa kwa sababu ya sheria, vita na mipaka ya nchi, na anayeitafuta tarehe ya kisu hujikuta anazipitia habari hizo zote.

Tuanze na jina. Aliyemfikisha okapi katika vitabu vya sayansi ni Harry Johnston, mtu ambaye Malawi ilimjua kabla ya Congo. Kati ya 1891 na 1896 alikuwa kamishna wa kwanza wa himaya ya Uingereza iliyokuja kuitwa Nyasaland. Ni yeye aliyepigana na Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa Karonga, na kumnyonga Desemba 1895. Baadaye alipelekwa Uganda, na huko akakutana na Wambuti wa msitu wa Ituri waliokuwa wamechukuliwa ili wakaonyeshwe Ulaya. Johnston aliwarudisha kwao, na njiani akawauliza juu ya mnyama kama punda ambaye Henry Morton Stanley alikuwa amemdokeza katika kitabu chake cha 1890. Walimjua vizuri. Kwanza Johnston alipata vipande vya ngozi yenye milia, na Philip Sclater wa London akadhani ni jamaa ya pundamilia. Ngozi nzima na mafuvu yalipowasili mwaka 1901, ilionekana wazi kwamba ndugu yake ni twiga, ndipo Ray Lankester akampa jina la Okapia. Habari hizo zilijaa magazetini Ulaya. Mwaka uliofuata jina likawa juu ya kisu.

Soko lililolengwa lilikuwa makoloni ya Ujerumani: Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini-Magharibi, na Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo haikuwa Tanganyika peke yake. Rwanda na Burundi zilikuwa ndani yake hadi Wabelgiji walipoziteka mwaka 1916. Kwa hiyo ukiitazama leo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na ushei kaskazini mwa Lilongwe, utaona jambo ambalo wafanyabiashara wa mwaka 1902 wasingeliota. Waliokimbia vita vya Congo wametoka katika nchi ya pekee duniani ambako okapi anaishi porini. Majirani zao wa Rwanda na Burundi wametoka katika lile soko la kwanza la kisu. Na wote wamehifadhiwa katika nchi ambayo Johnston aliitawala kabla hajamfuatilia mnyama huyo.

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza. Wakati wa Rais Kamuzu Banda walifungwa humo wapinzani wa kisiasa, na utawala wake ulipokwisha mwaka 1994 mahali hapo pakageuzwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Sasa wamepita elfu hamsini. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, makanisani na katika tamasha la Tumaini lililoanza mwaka 2014.

Visu vilikuwapo muda mrefu kabla ya Okapi. Wahunzi wa Malawi, wakiwamo Waphoka wa upande wa Nyika, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo na kufua majembe, mikuki na visu vyenye bapa lisilokunjwa, vikakaa kwenye ala. Kisu cha kukunja kilikuja na biashara ya nje. Njia moja ilitoka pwani hadi Nkhotakota, ambako Waswahili wa ukoo wa Jumbe walikuwa na bandari yao kwenye ziwa tangu miaka ya 1840. Nyingine ilipanda kutoka kusini kupitia kampuni ya African Lakes, iliyoundwa mwaka 1878 na kuweka makao yake Mandala, Blantyre. Chuma cha kiwandani kiliuua uyeyushaji wa mawe. Ufundi wenyewe haukufa, kwani mhunzi aliendelea kufua kwa chuma chakavu, na kisu kilichofuliwa kutoka springi ya gari kinajitaja chenyewe kwamba si cha kabla ya magari kufika.

Sasa mihuri. Mahali pa kwanza pa kutazama ni ile sehemu ya bapa isiyo na makali, inayoingia kwenye mpini. Hapo mtengenezaji hupiga jina lake na la mji au nchi. Kabla ya 1887 nchi ilitajwa kwa hiari. Mwaka huo Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, na mojawapo ya sababu ni malalamiko ya mafundi wa Sheffield kwamba visu vya Kijerumani vilikuwa vikipigwa jina la mji wao. Bidhaa ya kigeni ikatakiwa iseme ukweli wa asili yake. Marekani nayo, kwa sheria yake ya ushuru ya 1890, ikadai jina la nchi kwenye kila kitu kinachoingizwa. Ndiyo maana kisu chenye neno Germany kwa kawaida si cha kabla ya miaka hiyo.

Hapa wengi huteleza. Kisu kisicho na jina la nchi si lazima kiwe cha kabla ya 1887. Sheria za London na Washington ziliangalia bandari zao. Shehena iliyotoka Hamburg moja kwa moja hadi Dar es Salaam haikuzihitaji, na muhuri unaweza pia kufutika kwa kunolewa na kusuguliwa miaka mingi. Kilichopo kwenye chuma ni ushahidi; kisichokuwapo ni dokezo tu.

Ujerumani peke yake inatoa ngazi kadhaa za tarehe. Jina la Solingen, mji wa wafua visu, lilitumika zamani, lakini mwaka 1938 sheria ililifunga: haliruhusiwi kuwekwa ila kwenye bidhaa iliyotengenezwa hukohuko kwa kiwango kilichowekwa. Baada ya vita vya pili vya dunia, Ujerumani ilipogawanywa, baadhi ya viwanda vilipiga West Germany. Muhuri huo ni wa kati ya 1949 na 1990, na ni kati ya iliyo rahisi zaidi kusoma. Viwanda vingine viliendelea kuandika Germany tu, kwa hiyo kukosekana kwa neno West hakuthibitishi kitu.

Visu vya Uingereza vina lugha yao. Joseph Rodgers wa Sheffield, ambaye alama yake ni nyota na msalaba, alikuwa mtengenezaji wa visu vya jumba la kifalme, na mara nyingi alipiga herufi za mfalme aliyekuwapo, taji likiwa katikati. V na R ni za Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901. E na R kwa kawaida ni za Edward wa Saba, 1901 hadi 1910. G na R zinahitaji uangalifu, maana kina George wako pande zote mbili: waliotangulia Victoria na waliofuata baada ya 1910. Hapo msomaji huacha muhuri na kuugeukia mpini: pembe, mfupa na mti vimetumika nyakati zote, lakini plastiki ya bakelaiti haikuwapo duniani kabla ya 1907.

Kuna visu vya jeshi, na hivi havina mafumbo. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa rasmi tarehe 1 Januari 1902, na batalioni zake mbili za kwanza zilitokana na askari wa Malawi. Katika vita vya pili vijana wa Nyasaland walifika hadi Burma. Kisu cha jeshi la Uingereza cha wakati huo ni kizito, kina bapa moja nene, kifungua kopo, na mara nyingi msumari mnene wa kufungulia mafundo ya kamba. Juu yake hupigwa mshale mfupi unaofanana na unyayo wa ndege, alama ya mali ya serikali, na mara nyingi mwaka wenyewe: 1941, 1943. Kisu cha namna hiyo kikitoka katika sanduku la familia ya askari wa zamani, kazi ya mkusanyaji inakuwa kuandika habari za mwenyewe.

Chuma nacho hushuhudia. Chuma kisichoshika kutu kilivumbuliwa na Harry Brearley, Sheffield, mwaka 1913. Kisu kinachodaiwa kuwa cha enzi za Victoria huku bapa lake limeandikwa kwamba halishiki kutu, kwa Kiingereza au kwa neno la Kijerumani rostfrei, hakistahili hata kuulizwa bei. Visu vya Opinel vya Ufaransa vina alama yao: ile pete ya chuma inayozungushwa ili kulifunga bapa ilianza mwaka 1955. Isipokuwapo, na alama za kung'olewa kwake hazionekani, huenda kisu ni cha kabla yake.

Turudi kwa Okapi, maana hapo ndipo macho hudanganywa zaidi. Aina yake maarufu ina mpini wa mti mwekundu-kahawia uliopambwa kwa nyota na miezi ya madini, na mgongoni ina springi yenye tundu na pete ndogo. Kisigino cha bapa kina meno. Bapa likifunguliwa, jino moja baada ya jingine hunasa kwenye tundu na kutoa mlio wa kraka-kraka. Pete ikivutwa, springi huinuka na bapa kuachiliwa. Kule Jamaica, ambako visu hivi vilifika pia, mlio huo ndio uliokipa kisu jina la ratchet, na vijana wa mitaa ya Kingston wakakibeba kwa sifa zilezile mbaya kilizokuwa nazo Johannesburg.

Mwaka 1988 jina na mitambo viliuzwa Afrika Kusini, na kisu kikaanza kutengenezwa huko. Mnunuzi alichukua mitambo pamoja na jina, kwa hiyo umbo halikubadilika sana, na anayekadiria umri kwa kutazama nyota na miezi atakosea. Neno Germany huonyesha upande wa kabla ya 1988. South Africa huonyesha upande wa baada yake. Zaidi ya hapo zipo nakala nyingi za bei rahisi zenye mapambo yaleyale, na hizo hutambulika kwa jina lisilo sahihi au kwa kutokuwa na jina.

Kwa Malawi mpaka huo wa 1988 una maana ya pekee. Kwa miongo mingi wanaume wa nchi hii walikwenda migodini Johannesburg kwa mikataba ya shirika la uandikishaji la WNLA, waliloliita Wenela. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya laki moja. Aprili 1974 ndege ya Wenela iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji ilianguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78, na Banda akasimamisha uandikishaji. Okapi yoyote iliyonunuliwa Johannesburg kabla ya siku hiyo na kuletwa nyumbani Dowa au Lilongwe pamoja na blanketi na baiskeli ilikuwa bado imetoka Ujerumani. Ya Afrika Kusini ni ya kizazi kilichofuata.

Anayeanza kukusanya asikimbilie msasa. Rangi ya kijivu iliyotulia juu ya chuma cha zamani ni sehemu ya umri wake, na muhuri uliopigwa kwa kina kidogo unaweza kupotea kwa kusuguliwa dakika chache. Tone la mafuta ya mashine na kitambaa vinatosha, kisha mwanga wa pembeni na kioo cha kukuzia. Apime kama bapa bado linalingana na nafasi yake kwenye mpini: likiwa fupi au jembamba mno limeliwa na kinoo, na likicheza huenda limetolewa kwenye kisu kingine. Atazame ribiti kama zimegongwa upya. Mwisho aandike kisu kilitoka kwa nani, mji gani, na kilipita mipaka ipi hadi kufika Malawi, kwa kuwa habari hizo hakuna kiwanda cha Solingen kilichowahi kuzipiga juu ya bapa.