Watu Waliosogezwa Barabarani: Kasulu na Kibondo

Njia kongwe za nyanda za juu za Kigoma zilikuwa za miguu, na zilifuata chumvi. Chumvi ya chemchemi za Uvinza ilipandishwa vichwani hadi Buha, nchi ya Waha, na nchi jirani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilipitia Uvinza. Kasulu na Kibondo zikabaki juu, mbali na stesheni. Kwa miongo kadhaa, shehena kubwa iliyoshuka kutoka huko ilikuwa watu wenyewe: vijana wa Kiha walioandikishwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga.

Kwingine barabara huwafuata watu. Huku mara nyingi watu ndio waliosogezwa. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilizitoa familia maporini na kuzikusanya katika makazi mapya, kuziepusha na mbung'o waenezao malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma: kaya zilizotawanyika vilimani zikapangwa katika vijiji, vingi kandokando ya barabara, ili zahanati, shule na lori la mazao viwafikie watu kwa urahisi. Vilifika, ingawa kwa kuchelewa. Mgomba, lakini, hauhamishiki. Ulibaki kule kwenye mahame.

Barabara yenyewe iliendelea kuwa ya udongo. Baada ya wakimbizi wa Burundi kuingia mwaka 1993, na wa Kongo kufikia kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, malori ya chakula yaliichimba zaidi. Masika, basi likinasa kwenye tope jekundu, abiria walishuka, wakakunja suruali na kusukuma. Kukawa na majambazi pia, hata mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki.

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, hadi mpakani mwa Burundi. Lami hupunguza safari, lakini hutaka nafasi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati yake. Alama ya X nyekundu ukutani humaanisha kubomoa bila fidia; ya kijani, fidia ipo. Kijiji kilichopangwa kando ya barabara kwa amri ya serikali kinastahili kusikilizwa kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.