Eko elekezi ya moyo kwa watoto wachanga mahututi

Eko elekezi ni kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti anachokifanya daktari wa watoto wachanga mwenyewe, kando ya kitanda, ili kuamua tiba ya mtoto mahututi na kuona kama tiba hiyo inafanya kazi. Haichukui nafasi ya eko kamili ya bingwa wa moyo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kasoro za kuzaliwa nazo.

Historia

Eko ya moyo ilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, kwa daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Matumizi yake wodini kwa watoto wachanga yalisukumwa mbele na Nick Evans na Martin Kluckow wa Sydney. Mwaka 2000 walionyesha kuwa njiti (watoto waliozaliwa kabla ya wakati) wengi waliovuja damu ubongoni walikuwa wamepungukiwa kwanza na damu irudiyo moyoni kupitia vena kava ya juu, na kwamba presha ya damu peke yake haikutosha kuufichua upungufu huo. Ugunduzi huo ulikuwa mzito, kwa kuwa wodi nyingi zilikuwa zikitibu namba ya presha peke yake. Mwongozo wa mafunzo wa jumuiya za Marekani na Ulaya ulitoka mwaka 2011.

Upimaji

Daktari hupitisha mkono kwenye tundu la inkubeta, akapaka jeli iliyopashwa moto na kugusa kifua kwa proba ndogo. Hufanya haraka: njiti hupoa upesi, na mkandamizo kidogo tu huweza kumvurugia upumuaji.

Duktasi

Duktasi ni mfereji unaounganisha ateri ya mapafu na aota ya mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Kwa mtoto aliyetimiza miezi hujifunga ndani ya siku chache. Kwa njiti huweza kubaki wazi, damu ikafurika mapafuni na kupungua kwenye utumbo na figo. Eko hupima upana wake (milimita 1.5 na zaidi huhesabika kuwa mkubwa), mwelekeo wa damu na kutanuka kwa atiria ya kushoto. Dawa za kuufunga ni indomethasini, ibuprofeni na parasetamoli. Hata hivyo, kuuona vizuri si sababu ya kuufunga kila mara. Utafiti wa Baby-OSCAR wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024 ukihusisha watoto 653, haukukuta kuwa ibuprofeni ya mapema ilipunguza vifo au ugonjwa sugu wa mapafu.

Kwa baadhi ya kasoro za moyo mfereji huohuo ndio uhai wa mtoto, naye hupewa prostaglandini ili ubaki wazi.

Matumizi mengine

Kasi ya damu inayovuja kwenye vali ya trikaspidi hukadiria presha ya mapafu kabla ya kuanza tiba ya gesi ya naitriki oksaidi. Maji yaliyojaa kwenye mfuko wa moyo huonekana papo hapo.

Afrika Mashariki

Eko za watoto hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, ikiwemo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.