Basi Hulala Mlimani

Anayetaka kujua usafiri wa mji wa mlimani umepangwa kwa ajili ya nani asianze na barabara. Aulize kwanza gari la abiria linalala wapi. Pale Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi, mabasi ya vijijini huondoka stendi ya mjini mchana au alasiri, yakapanda Magamba, yakafika Mlalo, Mlola au Mtae jua likielekea kuzama, na huko huko yakalala. Saa kumi alfajiri, au kumi na moja kwa dereva mvivu, honi zinaanza kulia gizani na watu wanateremka. Mgeni aliyetaka kwenda Mtae asubuhi, akatazame mlima unavyokatika ghafla juu ya nyika ya Mkomazi, kisha arudi mjini siku hiyo hiyo, huambiwa basi la kurudi ni la kesho kabla hakujakucha. Huondoka akisema ratiba hii haina akili. Inayo, tena nyingi, ila haikupangwa kwa ajili yake. Imepangwa kwa ajili ya mtu anayeamka mlimani, mwenye kitu cha kupeleka bondeni, na anayetaka kuwa nyumbani kwake usiku. Ratiba hiyo haikuwapo tangu zamani. Kwa zaidi ya miaka 100 usafiri wa Lushoto umekuwa mvutano kati ya saa zilizopangwa chini, zilizoletwa na reli na serikali, na saa zilizopangwa juu, za mkulima. Simulizi za historia huzisifu zile za kwanza, lakini zilizoshinda ni za pili.

Washambaa walikuwa wakipanda na kushuka ukingo huu kabla ya Mzungu yeyote kuchora ramani yake. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, anaeleza jinsi walivyotofautisha shambaai, nchi ya juu yenye baridi na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye joto, maradhi na hatari. Palikuwa na sababu za kushuka: biashara na watu wa tambarare, na mashamba ya pili yaliyomwokoa mtu mvua ya juu ilipokosea. Lakini aliyeshuka alirudi kulala juu. Vuga, makao makuu ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa, ilikuwa mlimani, na mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa huko hadi alipofariki mwaka 1862. Kilichofuata ni funzo la kwanza la historia hii. Mwanawe Semboja aliweka makao yake Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani. Huko alipata bunduki na bidhaa za pwani, na nguvu ya Vuga ikaanza kumomonyoka. Kwa mara ya kwanza, aliyekaa kando ya njia kuu ya bondeni akawa na sauti kuliko aliyekaa kileleni. Wajerumani walipofika na reli yao walikuta kazi hiyo imekwisha kuanza.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa Lushoto, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, kituo cha maana kilikuwa Mombo. Kutoka hapo ilichongwa barabara ya kilomita zipatazo 33, ikipanda kutoka kwenye joto la mkonge hadi kwenye ubaridi wa mita 1,400 hivi, ikipitia Soni. Tazama sasa nani alisafiri na kwa nini. Maofisa na walowezi walipanda kukimbia joto la pwani. Kahawa na mbao viliteremka, na mbao za Shume zikapewa hata njia yao ya waya ya kuzishusha Mkumbara, kando ya reli. Mwafrika naye alitakiwa atembee kwa miguu, na hata mwendo wake ulipangiwa tarehe: mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianza utaratibu wa kipande uliomlazimu mwanamume kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Yaani mbao zilipata usafiri kabla ya watu. Huwezi kuuita huo mwanzo wa usafiri wa umma, hata kama barabara tunayopita leo inafuata bonde lile lile.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaacha jina la Kaisari na kubakiza mengi mengine. Gavana alikuwa na nyumba yake ya mapumziko huko juu, na barabara iliendelea kuwa tawi la kulisha reli. Serikali ya kikoloni ilikuwa na deni na mitaji iliyozama kwenye reli, kwa hiyo haikupenda malori yawe washindani wake kwenye safari ndefu. Lori lilikaribishwa pale tu lilipomleta mteja stesheni. Mtu wa Bumbuli au Mlalo aliyetaka kwenda Tanga alipaswa kuwahi treni ya Mombo, na treni haikumngoja. Kama ilipita usiku, basi safari yake ilianza usiku. Na kama alikuwa na tenga la mboga, mboga ziliingoja treni pamoja naye, zikinyauka. Hapo ndipo ratiba ya bondeni ilipokutana na kitu kisichoweza kuitii. Kahawa husubiri, mkonge husubiri, lakini kabichi iliyokatwa jana haina subira.

Kilimo cha mboga na matunda ya nchi za baridi kilianza kwa ajili ya meza za Wazungu, kikachukuliwa na wenyeji, na baada ya uhuru kikapata mlaji mkubwa kuliko wote, Dar es Salaam. Kabla ya mwaka 1963 treni ya Mombo haikuwa na njia ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam. Mwaka huo ndipo kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipoiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu 272,000 na ushei katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa ukiwa na zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao wanataka karoti, hoho, viazi na nyanya, na wachuuzi wa Kariakoo, Ilala na Mabibo hununua usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Mzigo ulipoanza kuelekea jiji hilo, saa ya kuvuna na saa ya soko ndizo zilizokuwa bwana. Abiria alidandia. Kwa muda mrefu katika nchi yetu lori la mzigo ndilo lilikuwa basi la mtu wa kijijini: juu ya magunia, akishikilia kamba, akilipa nauli kwa utingo. Basi la leo la Lushoto ni mtoto wa lori hilo kuliko la treni.

Wapo watakaosema kwamba nimeisahau serikali, na pingamizi hilo ni zito. Mwaka 1974 kampuni ya DMT, iliyokuwa imetaifishwa, iligawanywa. UDA ikachukua jiji la Dar es Salaam na KAMATA ikapewa njia za mikoani. Kulikuwa na nia ya kweli kwamba mwananchi wa pembezoni asafiri kwa nauli anayoimudu, na aliyewahi kuwa mikononi mwa mwenye basi mmoja asiye na mpinzani hawezi kuicheka nia hiyo. Lakini mlima una hesabu zake. Kupanda karibu mita 1,000 katika kilomita 33 kunakula klachi. Kuteremka kunakula breki na tairi. Gari linalotumia vipuri haraka ndilo la kwanza kulala gereji vipuri vikiadimika, na viliadimika: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikaongeza mzigo, fedha za kigeni zikakauka. Kampuni yenye mabasi machache yanayotembea huyaweka kwenye barabara kuu iliyonyooka, na meneja yeyote angefanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba ratiba ya umma, hata ilipokuwa na moyo mwema, iliishia Mombo, na aliyebaki juu akasimama njiani kusubiri lifti. Serikali iliitambua haki ya mtu wa mlimani kusafiri. Ilishindwa tu kulipeleka basi mahali anapoamkia.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wenye magari binafsi waliingia, na hapo ndipo basi likaanza kulala juu. Mantiki ya mwenye gari ni nyepesi. Abiria wa uhakika ni wa asubuhi, na yuko kijijini. Gari likilala mjini litapanda alfajiri tupu, likichoma mafuta bila nauli. Likilala Mtae linateremka limejaa, linarudi mchana na watu waliomaliza shughuli, sabuni za duka, mabati na mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Ukilitazama basi hilo kwa karibu, utaona historia yote imefungwa kwa kamba kwenye keria. Matenga ya mapeasi na pichesi yamefunikwa majani yasipigwe na jua. Magunia ya viazi ya lumbesa yamesimamishwa nyuma. Kondakta anamuuliza mama mmoja kama tenga lake ni la kushushwa Soni au Mombo, kwa sababu la Soni lazima likae juu ya mengine. Chini ya kiti cha dereva kuna bahasha ya mtu ambaye hasafiri, na namba ya simu ya atakayeipokea imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kisha gari linaingia kwenye kona za kuelekea Mombo kwa gia ndogo, injini ikiunguruma kwa kuzuia, mguu wa dereva ukigusa breki na kuachia, kwa kuwa anayezikanyaga mfululizo atazisikia zikinuka kabla hajaiona tambarare.

Msomaji anayeijua Lushoto anaweza kunijibu kwamba leo mboga hazipandi basi. Zinapanda Fuso, jioni, zifike jijini kabla ya mapambazuko, na mkulima anaweza kubaki shambani akazungumza na dalali kwa simu na kupokea pesa kwa simu hiyo hiyo. Ni kweli, na mimi naona ndiyo inayothibitisha hoja. Mzigo umepata gari lake, lakini saa ulizoziweka zimebaki. Duka la pembejeo, benki, hospitali, mahakama na ofisi ya wilaya vinahudumia asubuhi watu walioteremka alfajiri, na siku za gulio bado ndizo siku magari yanapojaa hadi mlangoni. Pingamizi jingine linaniweka pagumu zaidi: wasafiri wengi wa Dar es Salaam na Arusha hushushwa Mombo kwenye barabara kuu, wakamalizia safari kwa Noah au Kosta. Hapo bondeni bado panaamua. Anayekuja kusoma Chuo cha Uongozi wa Mahakama, au mtalii mwenye begi mgongoni, hufika kwa saa za barabara kuu, na Noah inamngoja hadi ijae, yaani hadi watu wengine wa barabara kuu wafike. Nakubali. Ila hata hapo kuna mabasi yanayotoka Lushoto moja kwa moja hadi Dar es Salaam, kilomita 360 hivi, na yanaanzia juu asubuhi. Yangeweza kuanzia Mombo na kupunguza gharama za mlima. Hayafanyi hivyo kwa sababu abiria wao yuko juu, na anapendelea kulipa zaidi kuliko kuhamisha mizigo yake vumbini.

Kuna pia hoja ya usalama, ambayo ratiba ya alfajiri haiwezi kuikwepa. Kuteremka kona hizo gizani, kwenye ukungu, na gari lililozidisha uzito, si jambo la kusifia. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kutembea usiku wa manane, na zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ikaanza kutoa vibali vya saa 24. Zuio lililenga barabara kuu, lakini liliwabana na watu wa milimani, maana basi la Lushoto halikuruhusiwa kuwa njiani usiku wa manane wakati soko lake ni la usiku. Dawa ya hatari ya mlima ni ukaguzi wa breki na uzito pale stendi ya juu, kabla gari halijaondoka. Ukaguzi ukifanyika kwenye barabara kuu, hatari imekwisha kupita.

Jambo lililobaki wazi ni barabara yenyewe. Masika yakizidi, udongo huporomoka, na mji wote wa Lushoto unategemea njia moja ya lami kupitia Soni. Ndiyo maana wananchi na wabunge wao wamekuwa wakiidai njia mbadala ya Dochi, Ngulwi hadi Mombo, iliyo fupi zaidi. Wahandisi wataipima kwa kilomita, miinuko na gharama za kuta za kuzuia udongo. Ningewaomba waipime pia kwa saa kumi alfajiri: ni vijiji vingapi vilivyo kando yake vitakavyopata gari la kulala huko, na ni vingapi vitakavyoliona likipita tu likitoka mjini limejaa.