Rangi ya Urujuani Katika Jiwe la Tabaka

Msomaji, ukifika Tabaka katika nchi ya Kisii, utaona jiwe laini lichongwalo kwa panga, patasi na kisu. Liko jeupe, liko la kijivu, na liko la urujuani mpole uelekeao waridi, mfano wa ua lianzalo kufifia. Rangi hiyo haikupakwa na mtu. Imo ndani ya jiwe lenyewe.

Rangi za jamii hii zina historia ndefu. Hapo kale watu wa Tiro, pwani ya Lebanoni, waliponda maelfu ya konokono wa bahari ili wapate rangi kidogo ya zambarau. Kwa kuwa ilikuwa ghali, ikawa alama ya wafalme. Mwaka 1856, mjini London, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa aliikosa, akapata rangi ya urujuani ya kutia hariri. Haukupita muda mrefu, hata asiye mfalme akaivaa.

Basi tazama: heshima ya rangi ilitokana na taabu ya kuipata. Vivyo hivyo Tabaka. Mchongaji huligeuza jiwe, akaitazama mishipa yake, ndipo akachonga bakuli ili mishipa iufuate mviringo. Mwisho hulisugua kwa msasa na maji hata rangi ing'ae. Na jiwe hilo huchimbwa kwa mikono, katika mashimo yawezayo kuporomoka. Kwa hiyo usilithamini bakuli kwa uzuri wa rangi tu. Lithamini pia kwa jasho lililolitoa ardhini.