Kitengo

IBM ilipotangaza sispleksi mwaka 1990, ilitaka kompyuta kuu kadhaa zifanye kazi kama moja. Siku hizi sispleksi moja huweza kubeba mifumo hadi 32. Ndani yake, programu za mawasiliano za TCP/IP hutambuana zenyewe na kufunguliana njia. Wepesi huo hugeuka hatari pale sispleksi hiyohiyo inapohudumia mtandao wa ndani wa benki pamoja na ule unaotazama intaneti.

Ndipo msimamizi huipa kila programu namba ya kundi, kati ya 2 na 31. Zenye namba moja huonana. Za namba nyingine hazionekani katika njia hizo za ndani ya sispleksi. Hata anwani ya IP inayohamishwa mfumo unapoanguka huhamia ndani ya kundi lake tu.

Kundi hilo tuliiteje kwa Kiswahili? “Kikundi” hakitoshi, kwa kuwa kinataja waliokusanyika na kunyamazia mpaka. Napendekeza kitengo. Neno hili limezaliwa na kitenzi kutenga, na kila anayejua wizara anajua kuwa kitengo kina kazi zake na bado ni cha wizara. Makundi haya nayo huendelea kutumia hifadhidata zilezile za sispleksi.

Ila watafsiri wasiuite utengano huu “kufungia”. Vitengo viwili vikiunganishwa na mtandao mmoja wa nje, data bado hupita kwa ruta. Huko hulindwa kwa kuta za moto na kanuni za njia, na mwongozo wa Kiswahili uliseme hilo waziwazi.