Timu moja hadi mwisho: kwa nini ni nyota wachache wa mpira wa kikapu wanaostaafu pale walipoanzia

Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, timu za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ziliteua wachezaji wake wapya. Jina la pili kutajwa lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, ambaye alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Jina la saba lilikuwa la Stephen Curry, kijana mwembamba aliyetoka katika chuo kidogo cha Davidson. Thabeet alichukuliwa na Memphis Grizzlies, na Curry akachukuliwa na Golden State Warriors.

Miaka mitano baadaye Thabeet alikuwa amekwishavaa jezi za timu nne, na milango ya NBA ilikuwa imefungwa nyuma yake. Curry hajapata kuvaa jezi ya timu nyingine ya ligi hiyo. Mkataba aliouongeza mwezi Agosti 2024 unamfikisha mwisho wa msimu wa 2026/27, wakati atakapokuwa na umri wa miaka 39. Ndiyo maana mashabiki wanauliza: je, atamalizia maisha yake ya uchezaji pale pale alipoyaanzia?

Kwa wasikilizaji wa pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, wanaotazamana na Tanzania ng'ambo ya Mto Ruvuma, swali hilo lina sura ya pili: ni nani hasa anayeamua mchezaji abaki au aondoke?

Mkataba unamfunga nani?

Wapenzi wa soka wamezoea utaratibu mmoja. Klabu mbili zikikubaliana bei ya mchezaji, bado mchezaji mwenyewe lazima akubali masharti ya klabu mpya. Akikataa, uhamisho unakwama. Katika NBA mambo ni tofauti. Timu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji bila kuwauliza, na mkataba humfuata mchezaji aendako. Mshahara wake haupungui, lakini mji, kocha, nyumba na shule ya watoto wake vinaweza kubadilika kwa siku moja.

Kinga ipo, ila si ya kila mtu. Mchezaji anaweza kudai kifungu kinachozuia kuhamishwa bila ridhaa yake pale tu anapokuwa amecheza NBA kwa misimu isiyopungua minane, na minne kati ya hiyo awe ameichezea timu anayosaini nayo. Hata akitimiza masharti hayo, timu hailazimiki kumpa. Waliokipata ni wachache sana, na Kobe Bryant wa Los Angeles Lakers alikuwa mmoja wao.

Kwa mchezaji mpya, nguvu iko upande wa timu zaidi. Anayeteuliwa katika raundi ya kwanza hupewa mkataba wenye miaka miwili ya uhakika, kisha miaka miwili inayofuata ni hiari ya timu. Yeye hakuichagua timu hiyo, na hawezi kuiacha kwa sababu tu hapati nafasi ya kucheza.

Lipo pia suala la fedha. Tangu msimu wa 1984/85 NBA imekuwa na ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho malipo ya wachezaji wote wa timu hayapaswi kukivuka. Lakini sheria inairuhusu timu kuuvuka ukomo huo ili kumbakiza mchezaji wake wa siku nyingi, na kumlipa zaidi ya kile ambacho timu nyingine zinaweza kumpa. Utaratibu huu uliwekwa makusudi ili kuwasaidia nyota kubaki. Kwa hiyo tunapomsifu mchezaji kwa uaminifu, inafaa kukumbuka kwamba mara nyingi uaminifu huo na malipo makubwa viko upande mmoja.

Njia ya Thabeet

Thabeet alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa kijana wa takriban miaka 15. Akapata nafasi ya masomo Marekani, akakichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 chuo hicho kikafika hatua ya timu nne za mwisho za mashindano ya vyuo. Alisifika kwa kuzuia mipira ya wapinzani chini ya kikapu.

Memphis haikuwa na subira naye, wala haikuwa na nafasi kubwa ya kumpa. Timu hiyo tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo ya katikati. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa katika ligi ya chini ya maendeleo, akiwa mchezaji aliyeteuliwa juu zaidi kuwahi kupelekwa huko hadi wakati huo. Februari 2011 alihamishiwa Houston Rockets. Machi 2012 akahamishiwa Portland Trail Blazers. Uhamisho huo wote ulikuwa ni makubaliano ya viongozi wa timu. Ni mwaka 2012 tu, mkataba wake wa kwanza ulipokwisha, ndipo aliposaini kama mchezaji huru na Oklahoma City Thunder, alikokaa misimu miwili. Agosti 2014 alihamishiwa Philadelphia, ambayo ilimwacha bila kumchezesha hata mechi moja. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, na hatimaye akarejea kucheza nyumbani Dar es Salaam.

Wako waliomwita mchezaji aliyeshindwa. Lakini kijana aliyeujua mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji muda mrefu kuliko wenzake, na muda ni kitu ambacho mkataba wake wa kwanza haukumpa mamlaka ya kukidai.

Njia ya Curry

Curry naye alikuwa karibu kuangukia upande mwingine wa bahati. Msimu wa 2011/12 alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya majeraha ya kifundo cha mguu. Golden State ilikuwa na mlinzi mwingine aliyekuwa kipenzi cha mashabiki, Monta Ellis, na uongozi ulilazimika kuchagua. Machi 2012 Ellis alipelekwa Milwaukee na Curry akabakizwa. Mwezi Oktoba mwaka huo alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44, kiasi kilichoonyesha kwamba hata waliomwamini walikuwa na hofu juu ya mguu wake.

Kilichofuata kinajulikana. Curry alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, na timu yake ikatwaa ubingwa mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022. Mwaka 2017 alisaini mkataba wa dola milioni 201 kwa miaka mitano, wa kwanza katika historia ya NBA kuvuka dola milioni 200. Mwaka 2021 akasaini mwingine wa dola milioni 215 kwa miaka minne.

Hapo ndipo uamuzi ulipoingia mikononi mwake. Mwaka 2009 na mwaka 2012 wengine waliamua kwa niaba yake. Tangu alipokuwa bingwa, yeye ndiye anayeulizwa.

Miaka mingi si dhamana

Wapo waliofika mwisho wa safari katika timu moja. Mjerumani Dirk Nowitzki aliichezea Dallas Mavericks misimu 21, kuanzia 1998 hadi 2019, na hakuna aliyewahi kuitumikia timu moja ya NBA kwa misimu mingi zaidi ya hiyo. Bryant alikaa Lakers misimu 20, hadi 2016. Tim Duncan alikaa San Antonio Spurs misimu 19 na kustaafu mwaka huo huo. Wote watatu walikuwa mabingwa, na wote walikuwa na viongozi waliotaka wabaki hata nguvu zao zilipopungua.

Lakini mfano wa Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos nchini Nigeria, unaonyesha jinsi mwisho unavyoweza kugeuka. Aliichezea Houston Rockets misimu 17 na kuipa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Mwaka 2001, pande mbili ziliposhindwa kukubaliana juu ya mkataba mpya, alipelekwa Toronto, Kanada, akacheza msimu mmoja na kustaafu. Katika Golden State yenyewe, Klay Thompson, aliyetwaa mataji manne pamoja na Curry, aliondoka mwaka 2024 kwenda Dallas.

Tukio lililowashtua wengi zaidi lilitokea mwanzoni mwa Februari 2025. Dallas ilimhamishia Luka Doncic kwa Lakers, miezi michache tu baada ya mchezaji huyo kuifikisha timu hiyo fainali. Alikuwa na umri wa miaka 25, na hakuwa ameomba kuondoka.

Kuhama hakufuti jina

Upande mwingine yuko Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefariki dunia Septemba 2024. Katika misimu 18 alizichezea timu sita: Denver, Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York na Houston. Mara nne alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi, na mwaka 2015 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa mwaka 2007. Hakuna anayemkumbuka kama mtu asiyekuwa na msimamo.

Upande wa Msumbiji

Msumbiji ina historia yake katika mchezo huu, hasa kwa wanawake. Timu ya taifa ilimaliza ya pili katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Maputo mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikacheza mashindano ya dunia nchini Uturuki. Ferroviário de Maputo ilikuwa bingwa wa klabu za wanawake Afrika mwaka 2018 na 2019. Kwa wanaume, ligi mpya ya Afrika, BAL, ilipoanza mjini Kigali mwaka 2021, Ferroviário de Maputo ilikuwamo, na Ferroviário da Beira ikafuata mwaka 2022 na 2023.

Nyota wake mashuhuri zaidi, Clarisse Machanguana, mzaliwa wa Maputo, alikwenda kusoma Virginia, Marekani, na kuifikisha timu ya Chuo Kikuu cha Old Dominion fainali ya mwaka 1997. Katika ligi ya wanawake, WNBA, alizichezea Los Angeles Sparks, Charlotte Sting na Orlando Miracle, na pia akacheza Ulaya. Kwa wanawake wa kizazi chake kuhama kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe: msimu wa WNBA ulikuwa mfupi, na wengi walijaza mwaka kwa kucheza nchi nyingine.

Kwa kijana wa Palma au Mocímboa da Praia, safari huanza mapema zaidi. Klabu kubwa za kikapu ziko Maputo na Beira, na kutoka Pemba hadi Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Anayetaka kufika mbali katika mchezo huu lazima aondoke nyumbani kabla hata ya kupata timu. Isitoshe, tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hilo wameyahama makazi yao bila kupenda. Jamii hiyo haihitaji kufundishwa tofauti kati ya aliyeondoka kwa hiari na aliyeondolewa.

Ndiyo maana familia inayoletewa habari njema na wakala wa michezo inapaswa kuzijua kanuni chache za shirikisho la kimataifa, FIBA. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa katika hali maalumu. Mchezaji anayehama nchi huhitaji barua ya idhini kutoka shirikisho la nchi anayotoka. Wakala wa uhamisho wa kimataifa anatakiwa awe na leseni ya FIBA, na ni haki ya mzazi kuomba aonyeshwe leseni hiyo. Ipo pia mahakama ya usuluhishi ya mpira wa kikapu, iliyoanzishwa mwaka 2007, inayosikiliza madai kati ya wachezaji, mawakala na klabu, mradi mkataba uwe umetaja kwamba mgogoro utapelekwa huko. Kabla ya kutia saini, maswali makubwa ni matatu: mkataba ni wa miaka mingapi ya uhakika, nani ana hiari ya kuuongeza, na mchezaji anaweza kuhamishwa bila kuulizwa?

Je, Curry atabaki?

Mambo matatu yataamua. La kwanza ni mwili wake, kwani umri wa miaka 39 ni mkubwa kwa mchezaji anayetegemea mbio na wepesi wa miguu. La pili ni timu kuendelea kuwa na nguvu ya kushindana, kwa kuwa nyota wengi huhama wakitafuta taji la mwisho. La tatu ni utashi wa uongozi, ambao kwa Olajuwon haukutosha na kwa Nowitzki ulidumu.

Akibaki, atasifiwa kwa uaminifu, na sifa hiyo itakuwa yake kwa haki. Lakini sehemu yake itawahusu pia waliomvumilia mwaka 2012 alipokuwa akichechemea. Thabeet, aliyeitwa kabla yake usiku ule ule, hakupata wa kumvumilia hivyo.